Udereva wa malori makubwa: Kazi ipimwayo kwa safari, si kwa saa

Na Mwandishi Wetu

KWA abiria wa basi liendalo Mbeya, lori ni kero. Ni kitu kirefu kilichoziba njia tangu Mlandizi, kinachotambaa kwenye mwinuko wa Kitonga kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, na kinachomlazimisha dereva wa basi achungulie mara kumi kabla ya kuthubutu kupita. Ni nadra abiria huyo kujiuliza yule aliyeshika usukani wa lori ameondoka nyumbani kwake lini, usiku atalala wapi, na kama siku ya leo, aliyoimaliza akiwa kwenye foleni, atalipwa au la.

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Ukilipata jibu lake, mengi yanayotendeka barabarani ambayo tumezoea kuyaita uzembe au tamaa ya madereva huanza kueleweka. Makala haya yanajaribu kueleza kazi hiyo ilivyo, watu wanaoifanya, na jinsi malipo yao yanavyopangwa.

Udereva wa masafa marefu kama tunavyoufahamu leo hapa nchini ulizaliwa na siasa. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kinyume cha matakwa ya Uingereza. Zambia, ambayo sehemu kubwa ya bidhaa zake ilipita kusini kwa reli ya Rhodesia, ikajikuta imezibwa pumzi. Mafuta yake yakaanza kupitia Dar es Salaam, na shaba yake ikateremka kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1966 serikali za nchi hizi mbili zilianzisha kampuni ya Zambia Tanzania Road Services kwa kazi hiyo. Sehemu kubwa ya barabara haikuwa na lami. Masika ilikuwa tope na kiangazi vumbi, na malori yalipinduka kwa wingi kiasi kwamba wageni waliibandika jina la njia ya jehanamu.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilikabidhiwa kwa wenyewe mwaka 1976. Wapo waliodhani malori yangepumzika. Hayakupumzika. Leo bandari ya Dar es Salaam inahudumia Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Malawi, Rwanda, Burundi na Uganda, na sehemu kubwa ya shehena hiyo hubebwa kwa barabara. Kongo pekee, ambayo sasa ni mzalishaji wa pili wa shaba duniani, inatosha kuijaza barabara ya Tunduma kwa malori yanayopandisha salfa na mitambo na kuteremsha shaba.

Safari ilivyo

Tumchukue dereva wa mfano. Si mtu fulani, lakini kila anayeifahamu kazi hii atamtambua. Anaitwa na mwenye gari jioni, na kuambiwa kuwa kuna kontena la kwenda Lubumbashi, safari ya takriban kilomita 2,000 kwenda tu. Anafika bandari kavu akiwa na begi lake, jiko dogo, godoro lililokwisha kushika umbo la kitanda cha nyuma ya kiti, na utingo wake. Hapo anaweza kupakia siku hiyo hiyo, au akangoja siku mbili.

Kazi inaanza kabla ya injini kuwashwa. Lazima akague matairi, taa na breki, na kuhakikisha kontena limeshikwa sawasawa na vifungo vya tela. Anapokea hati ya forodha ya mzigo upitao nchini, maarufu kwa jina la T1, na kuangalia kuwa namba ya lakiri ya kielektroniki iliyofungwa mlangoni inalingana na iliyomo kwenye karatasi. Anatakiwa awe na pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaendelea kuitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Karatasi moja ikikosekana, atakayelala mpakani ni yeye. Wakala wa forodha aliyezikusanya atakuwa amelala kwake.

Mtihani wa kwanza uko Vigwaza mkoani Pwani, kwenye mizani. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 1, 2019, uzito wa juu wa lori na mzigo wake ni tani 56. Lakini mizani haipimi jumla peke yake, hupima pia kila kundi la ekseli. Hapa ndipo dereva huingia katika dhahama asiyoitengeneza. Kontena limefungwa lakiri, hana ruhusa ya kulifungua, na hajui lilipangwa vipi huko lilikotoka. Ikiwa mzigo wote umeegemea nyuma, jumla inaweza kuwa halali huku ekseli za nyuma zikiwa zimezidi. Gari litaegeshwa hadi mwenye mzigo, wakala na mamlaka waelewane. Inaweza kuwa saa chache, inaweza kuwa siku tatu, na muda wote huo dereva ndiye mlinzi wa mali.

Baada ya hapo ni Chalinze, mizani ya Mikese, Morogoro, kisha kilomita 50 za kukata Hifadhi ya Mikumi, ambako vibao vinaonyesha faini ya kila mnyama atakayegongwa. Baada ya Ruaha Mbuyuni ndipo Kitonga. Lori lililopakia bidhaa za kutoka nje huupanda mlima huo kwa gia ya chini kabisa. Lori linalorudi na shaba huuteremka, na kuteremka ndiko kwenye hatari.

Inafaa kueleza kwa nini. Breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Dereva akiliteremsha lori la tani 56 kwa kukanyaga breki mfululizo, breki hupata moto hadi magurudumu yanafuka moshi, na zikifikia hapo huacha kushika. Kwa kuwa ni breki za upepo, kila akikanyaga hupunguza upepo uliohifadhiwa kwenye matangi. Ndiyo maana mwalimu yeyote wa udereva wa magari makubwa hufundisha kwamba mteremko huanzwa juu, kabla haujaanza: unapunguza mwendo, unachagua gia ndogo, unaiachia injini yenyewe ilizuie gari, na breki ya mguu unaigusa kwa vipindi. Aliyekosea gia pale juu hapati nafasi ya pili katikati, kwa sababu gari likishapata kasi gia ndogo haiingii tena.

Safari inaendelea kupitia Iringa, Makambako na Mbeya hadi mizani ya Mpemba, na hatimaye Tunduma, kilomita zipatazo 930 kutoka Dar es Salaam. Kituo cha pamoja cha mpaka kati ya Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 5, 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili. Kimesaidia, lakini hakikuondoa foleni. Mtandao wa forodha ukikwama, au magari yakizidi uwezo wa eneo, malori hujipanga barabarani kilomita kwa kilomita. Mbele yake bado ipo Zambia nzima ya kuikata, kisha Kasumbalesa, mpaka wa kuingilia Kongo, ambao nao una foleni yake.

Anayelipia foleni

Sasa turudi kwenye lile swali. Katika sehemu kubwa ya sekta hii, dereva ana vipato viwili. Kuna mshahara wa mwezi, ambao kwa kawaida ni mdogo, na kuna posho ya safari, ambayo madereva huiita mileji, na ambayo ndiyo hasa inayosomesha watoto na kujenga nyumba. Posho hupangwa kwa njia: Tunduma kiasi hiki, Lubumbashi kiasi hiki, Kigali kiasi hiki. Mwenye gari humkabidhi pia mafuta kwa kipimo cha lita za safari nzima.

Jambo la kuzingatia ni hili: safari ikimalizika kwa siku 12, posho ni ile ile. Ikimalizika kwa siku 30, posho ni ile ile, na huenda kwa siku zilizozidi akajikuta anakula kwa fedha ambayo ingebaki kwa ajili ya familia yake. Mtandao wa forodha uliokwama, kontena lililopangwa vibaya, wakala aliyechelewa kulipa ushuru, vyote hivyo gharama yake humwangukia mtu ambaye hakusababisha hata kimoja. Mwenye mzigo hana haraka ya kulipigia kelele suala hilo, maana muda wa dereva haumo kwenye hesabu zake.

Dereva hana njia ya kurudisha siku tano zilizopotea mpakani isipokuwa moja, nayo ni usiku. Mkataba Namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1979 unaweka kikomo kwa madereva wa barabarani: asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, asizidishe saa 9 kwa siku wala 48 kwa wiki. Ni nchi chache mno duniani zilizouridhia. Hata hivyo, Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inaweka saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na muda wa ziada una kikomo na malipo yake. Hebu tufanye hesabu. Lori lenye mzigo, kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, linahitaji zaidi ya saa 18 za usukani kufika Tunduma. Hizo ni siku mbili kamili za kazi, pasipo kuhesabu mizani. Anayefika kwa usiku mmoja na nusu siku amezipata wapi saa hizo? Amezitoa kwenye usingizi.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya kila lori kubwa huwa na kifaa kinachorekodi saa ambazo dereva ameendesha na alizopumzika. Baada ya saa 4 na nusu ni lazima apumzike dakika 45, na askari akilisimamisha gari husoma kumbukumbu hizo. Kwetu malori mengi yamefungwa vifaa vya setilaiti, na mwenye gari aliyeko Dar es Salaam anaweza kuona kwenye simu yake lori lilipo, kasi yake na mafuta yaliyobaki. Vifaa hivyo hivyo vingeweza kueleza dereva amelala saa ngapi. Lakini vilinunuliwa kulinda mafuta na mzigo, na hayo ndiyo vinayoulizwa.

Suala la mafuta lina mkasa wake, na abiria wa basi ana sababu ya kulijua. Kwa kuwa dereva hukabidhiwa lita za kupimwa, tofauti kati ya alizopewa na alizotumia huwa kishawishi. Lita zilizobaki zina soko njiani, na kila anayesafiri barabara hiyo ameyaona madumu ya njano kando ya vibanda. Njia mojawapo ya zamani ya kubana mafuta ni kuteremka mlima gia ikiwa imetolewa, gari likijiendea lenyewe. Kwa maneno mengine, ni kuiondoa ile injini tuliyosema ndiyo inayozuia gari, na kuziachia breki peke yake kazi ya tani 56. Kejeli ni kwamba katika injini za kisasa zinazoongozwa kwa kompyuta ujanja huo hauokoi kitu. Gari likiteremka ndani ya gia, dereva akiwa ameachia moto, injini hukata mafuta kabisa. Likiteremka nje ya gia, injini hulazimika kuchoma kidogo ili isizime. Kuna watu wamezikwa kwa ajili ya lita ambazo hata hazikuwapo.

Hatumtetei mwizi wa mafuta, na wapo madereva waliofikishwa mahakamani kwa haki kabisa. Ila mwajiri anayelipa mshahara usiotosha, akakabidhi tangi lenye mamia ya lita na kuhesabu kuwa tofauti itajisawazisha yenyewe, naye ana sehemu yake katika biashara ya yale madumu.

Mkataba na uzee

Aprili 10, 2015, nchi iliamka ikakuta mabasi hayaondoki Ubungo. Madereva waligoma, wakipinga agizo la kuwataka warudi darasani kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni, ambayo wakati huo ilidumu miaka 3. Mei 4 mwaka huo huo waligoma tena, na safari hii hoja iliyotangulia ilikuwa mikataba ya ajira. Abiria wengi waliukumbuka mgomo huo kwa adha ya kukwama vituoni. Hoja yenyewe ilikuwa nyepesi kueleweka: sheria ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi, saa na malipo, na kama kazi ni ya ndani na nje ya nchi mkataba wenyewe lazima uwe wa maandishi. Dereva aendaye Kongo ni mfano wa wazi kuliko wote wa mtu huyo. Leseni sasa hudumu miaka 5, tangu mabadiliko ya mwaka 2019. Suala la mikataba halikupata dawa ya haraka namna hiyo.

Mkataba una maana gani kwa mtu anayelipwa kwa safari? Tuchukue tarakimu za mfano. Tuseme mshahara wake ni sh. 400,000 kwa mwezi, na posho ya safari moja kwa mwezi ni sh. 500,000. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), wa mwajiri na mfanyakazi kwa pamoja, ni asilimia 20. Ukikatwa kwenye mshahara pekee ni sh. 80,000. Kama kipato chote cha sh. 900,000 kingetambuliwa kuwa mshahara, ungekuwa sh. 180,000. Kwa miaka 20 tofauti hiyo si ndogo. Tena pensheni ya uzee huhitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na dereva anayehama kutoka kwa tajiri huyu kwenda kwa yule, mmoja akichanga na mwingine asichange, anaweza kufika miaka 60 akiwa na maisha mazima ya kazi na nusu tu ya miezi hiyo.

Hali ni hiyo hiyo akiumia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015 kwa sheria ya mwaka 2008, hulipa fidia kwa kuangalia kipato cha aliyeumia. Mjane wa dereva hufahamu siku hiyo kuwa mileji iliyojenga nyumba haimo kwenye karatasi.

Wanaoifanya kazi hii

Ni wanaume, karibu wote. Wengi waliingia kwa mlango wa utingo: kijana wa miaka 18 au 20 anapanda lori kama msaidizi, anafua nguo za dereva, anapika, anabadili matairi, anaweka mawe chini ya magurudumu gari likisimama mlimani. Baada ya miaka kadhaa anaachiwa alirudishe gari nyuma ndani ya yadi, kisha aliendeshe likiwa tupu kwenye tambarare, usiku, mkubwa wake akiwa amelala. Huo ndio mtaala wake. Una ubora wake, kwani hakuna darasa liwezalo kumfundisha mtu sauti ya injini inayoanza kuchoka. Una pia ubaya wake, maana kijana hurithi ujanja wa mwalimu wake pamoja na makosa yake, likiwamo lile la kutoa gia mteremkoni.

Mlango wa pili ni chuo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1975, kina mafunzo ya madereva wa magari makubwa ya mizigo, na VETA nayo hufundisha udereva. Leseni inayohitajika ni ya daraja E, ambayo hutanguliwa na uzoefu wa magari madogo. Waajiri wakubwa, hasa wabebao mafuta na kemikali, huulizia cheti cha chuo. Tahadhari hiyo ina sababu. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Wanawake wapo, lakini huhesabika. Nguvu si hoja tena, kwani usukani wa lori la kisasa huzungushwa kwa vidole viwili. Kinachozuia ni mambo ya kawaida mno: choo safi na bafu katika maegesho ya Tunduma saa nane usiku, usalama wa kulala ndani ya gari, na ratiba isiyosema utarudi lini nyumbani. Mambo hayo hayo huwachosha wanaume pia, ila wao wamezoea kutoyataja. Hata duniani kote sehemu ya wanawake katika kazi hii haifiki asilimia 10.

Na umri? Katika nchi tajiri madereva wanazeeka bila warithi. Taarifa ya mwaka 2023 ya Umoja wa Kimataifa wa Usafiri wa Barabara (IRU) ilionyesha kuwa nafasi za udereva wa malori zaidi ya milioni 3 zilikuwa wazi katika nchi 36 zilizochunguzwa. Septemba 2021 Waingereza walipanga foleni kwenye vituo vya mafuta wakati maghala yao yana mafuta. Waliokosekana ni madereva wa kuyafikisha. Hapa kwetu mambo ni kinyume. Vijana wenye leseni ni wengi kuliko malori, na ndiyo maana dereva anayeuliza habari za mkataba huambiwa nje ya geti wapo kumi wanaongoja.

Jamii nayo haijawatendea haki. Tangu miaka ya 1980, tafiti za Ukimwi zilipofuata barabara kuu, dereva wa lori alipachikwa sura ya msambaza maradhi, na sura hiyo imegoma kumtoka. Kwamba mtu aliyewekwa siku sita kwenye mji wa mpakani, bila familia na bila kazi ya kufanya, yuko hatarini, hilo ni kweli. Lakini waliomweka pale siku sita hawakufanyiwa utafiti. Lililokuwa la busara ni la wale waliopeleka huduma walipo, kama shirika la North Star Alliance, ambalo tangu mwaka 2006 limekuwa likifungua zahanati ndogo kando ya barabara kuu na mipakani, zinazofunguliwa saa ambazo malori husimama. Wanaofika huko hawaendi kwa ajili ya virusi vya Ukimwi tu. Mgongo, shinikizo la damu, macho na tumbo navyo ni magonjwa ya usukani.

Mwaka 2020 historia ilijirudia kwa ugonjwa mwingine. Corona ilipoingia, mipaka ilifungwa kwa wasafiri lakini malori yaliruhusiwa, kwani bila hayo nchi zisizo na bahari zingekosa mafuta na dawa. Mei mwaka huo Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya wagonjwa kuongezeka mjini hapo, na Kenya ikawataka madereva wa Tanzania wapimwe kabla ya kuingia. Madereva wakalala njiani wakingoja majibu. Waliitwa watoa huduma muhimu na washukiwa, katika wiki moja.

Hatari nyingine haina kinga. Septemba 2016, katika jimbo la Kivu Kusini nchini Kongo, watu wenye silaha waliyateka malori, wakayachoma moto baadhi yake na kuwachukua madereva, wengi wao Watanzania, kabla hawajaokolewa. Wenzao waliendelea kwenda. Posho ya Kongo ni kubwa kuliko ya Tunduma.

Reli inaporudi

Sasa inakuja reli. Treni ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na mizigo ikafuata mwaka 2025. Mwaka huo huo Tanzania na Zambia zilitiliana saini na kampuni ya China mkataba wa kuifufua TAZARA kwa gharama ya dola bilioni 1.4 za Marekani. Upande wa pili wa bara, shaba ya Kongo imeanza kutafuta njia ya reli kwenda bandari ya Lobito, Angola.

Majirani zetu wametangulia kulionja. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 serikali ya Kenya iliagiza makontena yasafirishwe kwa treni. Mombasa iliandamana, agizo likasitishwa, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikalitamka kuwa si halali. Lakini miji iliyoishi kwa malori, kuanzia Mariakani na kuendelea, ilikwisha kuona mama ntilie wakifunga vibanda.

Reli haiondoi lori. Kontena likishushwa stesheni, lazima libebwe hadi ghalani, na reli haifiki kila mgodi. Kinachobadilika ni urefu wa safari. Dereva atakayebeba mizigo kutoka stesheni huenda akalala nyumbani kila siku, jambo ambalo mkewe ameliomba miaka yote. Ila kwa mtu ambaye mshahara wake ni sh. 400,000 na riziki yake ni mileji, kilomita 20 za kutoka stesheni hadi ghalani hazina mileji ya kuzungumzia.